Rushwa Mahali pa Kazi: Historia Yetu Inatufundisha Nini?

Kila mwanachama wa TANU, na baadaye wa CCM, ameahidi kwamba rushwa ni adui wa haki na kwamba cheo ni dhamana. Ahadi hizo zimesemwa kwa sauti katika mashina, matawi na vyuo kwa zaidi ya nusu karne. Hata hivyo, siku ya kwanza ya kozi tunapowauliza wanachuo wetu ni mahali gani katika ofisi zao rushwa inaweza kuingia, wengi hujibu upesi kwamba kwao haipo. Ipo ofisi ya jirani, ipo idara nyingine, ipo huko juu. Kila mmoja humwona adui katika uwanja wa mwenzake.

Jibu hilo halitokani na uongo, bali na mazoea ya kuifikiria rushwa kama tabia ya mtu mbaya, na kwa kuwa sisi na wenzetu tunajiona watu wema, tunaamini kwamba tumesalimika. Makala haya yanakusudia kuyapinga mazoea hayo kwa kutumia historia ya nchi yetu wenyewe. Tutajaribu kuonyesha kwamba tangu Uhuru tumemtafuta sana mla rushwa, na tumefanya hivyo kwa ushujaa, lakini mahali anapolia hatujapakagua vya kutosha. Tukishaelewa hivyo, tutaweza kuzungumza juu ya dalili na juu ya wajibu wa kada kazini.

Rushwa huzaliwa wapi?

Rushwa ni kuuza mamlaka ambayo si mali ya muuzaji. Karani anayedai chochote ili alitafute faili la mwananchi hauzi jasho lake, maana jasho hilo limekwisha kulipwa kwa mshahara. Anachouza ni haki ya mwananchi, na anamwuzia mwananchi huyo huyo. Ndiyo maana Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa Na. 11 ya mwaka 2007 haiishii kwenye bahasha ya fedha. Inamshika anayetoa na anayepokea. Inaihesabu kuwa rushwa tendo la mwenye madaraka kudai ngono ili atoe kazi, cheo au haki yoyote. Na inayahesabu kuwa kosa matumizi mabaya ya madaraka hata pale ambapo fedha haikubadilisha mikono.

Lakini uuzaji huo haufanyiki popote. Ukiyachunguza matukio ya miaka mingi utakuta mambo matatu yamekutana. Kwanza, kuna kitu ambacho watu wengi wanakihitaji na ambacho ni kichache, au kimefanywa kichache: sukari, kiwanja, kitanda hospitalini, ajira, zabuni, hata muda wa bosi. Pili, uamuzi wa nani akipate kitu hicho uko mikononi mwa mtu mmoja au kikundi kidogo. Tatu, hakuna kumbukumbu ambayo mtu mwingine anaweza kuisoma na kuuliza. Mambo matatu hayo yakikutana, hata mtu mwema yuko katika hatari. Yasipokutana, hata mlafi hupata taabu.

Wapo wanaojitetea kwa msemo kwamba mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Msemo huo umetumika vibaya sana katika ofisi zetu, kana kwamba ni ruhusa. Sisi tunausoma kwa namna nyingine. Mbuzi hakujifunga mwenyewe. Kamba ina mwenyewe, na mwenye kamba ndiye aliyepima urefu wake na kuchagua mahali pa kuchomeka mambo. Kwa hiyo, shamba likiliwa, haitoshi kumpiga mbuzi. Hapana budi kuiangalia kamba.

Urithi wa ukoloni

Utawala wa kikoloni ulikuwa shule ya kwanza ya kufunga kamba ndefu. Wajerumani waliwatumia maakida na majumbe kutoza kodi na kutafuta watu wa shokoa. Waingereza, kwa sheria ya mamlaka za wenyeji ya mwaka 1926, waliendesha utawala wa kupitia kwa machifu. Katika sehemu nyingi mtu mmoja alikuwa msimamizi wa kodi, mkuu wa baraza la hukumu na mtafutaji wa vibarua. Mkulima aliyetaka kusamehewa kodi, kushinda shauri la shamba au kumwokoa mwanawe na kazi ya lazima alikwenda kwa mtu yule yule, na hakwenda mikono mitupu.

Hatusemi kwamba kila chifu alikuwa mla rushwa. Wapo waliopendwa na watu wao kwa haki. Tunasema kwamba mfumo wenyewe uliyakutanisha mambo matatu tuliyoyataja, na juu ya hayo ulimfanya mtawala awajibike kwa bwana shauri tu, si kwa watu. Wakoloni walitunga sheria yao ya kuzuia rushwa mwaka 1958, miaka mitatu tu kabla ya Uhuru. Watu wetu walizirithi kaunta na mihuri, na pamoja na hivyo walirithi desturi ya mwananchi kumwogopa mtu aliyekaa nyuma ya kaunta.

Fimbo na sheria

Mwalimu Nyerere aliiona hatari hii kabla ya bendera kupandishwa. Mwaka 1960, mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, aliwaonya wenzake kwamba rushwa ni adui wa kupigwa vita pamoja na umaskini, ujinga na maradhi, na kwamba inastahili kutazamwa karibu sawa na uhaini. Serikali ya wananchi ilitenda kulingana na maneno hayo. Sheria ya adhabu za kima cha chini ya mwaka 1963 iliweka kifungo kisichopungua miaka 2 pamoja na viboko 24 kwa makosa yaliyotajwa, rushwa ikiwa mojawapo. Viboko 12 vilipigwa mfungwa anapoingia gerezani na 12 anapotoka.

Mwaka 1966 iliundwa Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ili mwananchi aliyeonewa na mwenye madaraka apate mahali pa kulalamika bila wakili na bila gharama. Sheria ya Kuzuia Rushwa Na. 16 ya mwaka 1971 ilichukua nafasi ya ile ya mkoloni, na baada ya marekebisho ya mwaka 1974 kilianza Kikosi cha Kuzuia Rushwa mwaka 1975. Hiki ndicho kilichokuja kuitwa Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991 na TAKUKURU mwaka 2007. Kwa upande wa Zanzibar, mamlaka yake ya kuzuia rushwa na uhujumu uchumi iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012.

Historia hii ni ya kujivunia. Lakini kada lazima aisome kwa jicho la uchambuzi. Viboko viliondolewa katika sheria mpya ya adhabu hizo ya mwaka 1972, na rushwa ilikuwapo kabla na baada ya kuondolewa kwake. Kwa nini? Kwa sababu kiboko humwangukia aliyekamatwa, na ili mtu akamatwe, lazima awepo aliyeona na akathubutu kusema. Fimbo haina macho. Macho ni ya wafanyakazi na wananchi.

Miiko na Mwongozo

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilipiga hatua iliyokuwa mpya kabisa, maana halikungoja kosa litendeke. Liliuliza: ni hali gani inayomfanya kiongozi awe na mioyo miwili? Likajibu kwa miiko. Kiongozi asiwe na hisa katika kampuni yoyote. Asiwe mkurugenzi katika kampuni ya kibepari. Asiwe na mishahara miwili au zaidi. Asiwe na nyumba ya kupangisha. Miiko hiyo haikuwagusa mawaziri na wabunge peke yao. Iliwagusa madiwani, wakuu wa mashirika ya umma na watumishi wa serikali wa ngazi za juu na za kati, pamoja na waume au wake zao. Kile ambacho siku hizi huitwa mgongano wa maslahi, na hufundishwa kama elimu mpya iliyotoka ng'ambo, watu wetu walikwisha kukitambua mwaka 1967.

Hata hivyo miiko ilikuwa na mpaka wake. Iliangalia mali ya kiongozi nje ya kazi. Haikuangalia ufunguo wa bohari ndani ya kazi. Tena, ilikwepwa na waliokuwa na nia ya kukwepa, kwa kuandikisha mali majina ya ndugu na watoto.

Pengo hilo la ndani ya kazi lilianza kuzibwa kwa njia nyingine. Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza kuundwa kwa mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mwaka uliofuata ukatoka Mwongozo wa TANU, na ibara yake ya 15 ikawakataza viongozi majivuno, ufujaji, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliisoma ibara hiyo wakaichukua kuwa yao. Kati ya mwaka 1971 na 1973 viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilishuhudia kazi ikisimama, na miongoni mwa malalamiko yaliyotajwa yalikuwamo matumizi mabaya ya mali ya shirika na upendeleo wa mameneja.

Hapa ndipo historia yetu inapouma. Baadhi ya wakubwa waliupokea ukaguzi huo wa chini kwa hofu, wakauita utovu wa nidhamu. Sehemu nyingine wafanyakazi waliosema walifukuzwa. Ni kweli kwamba yalikuwapo madai yaliyopita kiasi, na uzalishaji hauwezi kusimama kila mtu anapokuwa na hasira. Lakini katika kuzima vurugu, tulizima pia sauti. Mabaraza mengi yakabaki mahali pa kusikiliza taarifa ya meneja na kunywa soda. Miaka michache baadaye, uhaba ulipoingia, macho yaliyohitajika yalikuwa yamekwisha kujifunza kutazama chini.

Miaka ya uhaba

Wengi wetu tulio katika miaka ya arobaini tulikuwa watoto wachanga au hatujazaliwa katika kipindi cha 1978 hadi 1984. Tumekisikia kwa wazazi wetu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vilianza mwaka 1978. Bei ya mafuta ya petroli ilipanda tena mwaka 1979, wakati bei ya mazao yetu katika soko la dunia ilikuwa ikishuka. Fedha za kigeni zikapungua, viwanda vikakosa malighafi na vipuri, na maduka yakawa matupu.

Kabla ya hapo, biashara ya jumla ilikuwa imewekwa chini ya mashirika ya umma, zikiwamo kampuni za biashara za mikoa, na Operesheni Maduka ya mwaka 1976 ilikuwa imefunga maduka mengi ya watu binafsi kabla ya yale ya ushirika na ya vijiji kuwa tayari. Bei zilipangwa na Tume ya Bei iliyoundwa mwaka 1973. Nia ilikuwa njema, kumlinda mnunuzi asinyonywe. Lakini tazama yaliyokutana: sukari, sabuni, khanga na mafuta ya taa ni vichache, meneja wa bohari ndiye anayetia saini kibali, na kijikaratasi cha kibali hakibandikwi ukutani watu wakakisoma.

Kulikuwa na bei mbili, ya serikali na ya ulanguzi. Tofauti kati ya bei hizo ndiyo iliyokuwa thamani ya saini ya meneja. Kadiri uhaba ulivyozidi ndivyo tofauti hiyo ilivyokua, na ndivyo saini ilivyopanda bei. Wakati huo huo mshahara wa meneja, wa karani na wa mlinzi ulikuwa ukinunua kidogo zaidi kila mwaka. Mama aliyepanga foleni tangu alfajiri aliambiwa sukari imekwisha, huku magunia yakitoka kwa mlango wa nyuma. Si kwamba Watanzania walikuwa wamegeuka wabaya ghafla katika miaka mitano. Kamba ilikuwa imerefuka.

Mwaka 1983 Serikali, Waziri Mkuu akiwa Edward Sokoine, ilianzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi. Sheria Na. 9 ya mwaka huo iliunda mahakama maalumu ya kesi hizo. Mali iliyofichwa ilitolewa, nyingine ikatupwa usiku na wenyewe kwa hofu. Wananchi wengi walifurahi, na wanayo haki ya kulikumbuka jina la Sokoine kwa heshima, kwa kuwa walimwona kiongozi asiyemwogopa mwenye mali. Lakini msako ule ulikuwa na mapungufu yake. Sheria ilitazama nyuma na kuhukumu matendo yaliyotangulia kutungwa kwake, nayo ililalamikiwa kwa kuwanyima washtakiwa taratibu za kawaida za haki. Mwaka 1984 ilibadilishwa na sheria nyingine, Na. 13, iliyozirudisha kesi hizo Mahakama Kuu.

Mwaka huo huo wa 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na maduka yakaanza kujaa. Foleni ya sabuni ikaondoka, na pamoja nayo ikaondoka rushwa ya foleni ya sabuni. Tusidanganyike kwamba soko liliitakasa nchi, maana rushwa ilihamia mahali pengine, penye leseni, ardhi, ushuru na zabuni. Funzo tunalolichukua ni kwamba uhaba wa kitu unapokwisha, anayekitolea kibali hukosa cha kuuza. Msako huondoa magunia ya siku moja. Kuyatenganisha yale mambo matatu huondoa biashara yenyewe.

Miaka minne bila ukuta

Februari 1991 Halmashauri Kuu ya Taifa iliyokutana Zanzibar ililegeza miiko ya Arusha. Mwanachama na kiongozi waliruhusiwa kuwa na hisa, kufanya biashara na kupangisha nyumba. Hatukusudii kuufungua upya mjadala huo hapa. Tunataka kuonyesha jambo moja la utaratibu. Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, iliyomtaka kiongozi atangaze mali na madeni yake, ilitungwa mwaka 1995. Kati ya kuvunjwa kwa ukuta wa zamani na kujengwa kwa mpya ilipita miaka minne, na ilikuwa miaka ya kubinafsisha mashirika, yaani miaka ya saini zenye thamani kubwa.

Rais Mkapa alipoingia madarakani aliunda Tume ya Kero ya Rushwa chini ya Jaji Joseph Warioba, iliyotoa taarifa yake mwaka 1996. Tume hiyo ilituachia mgawanyo ambao kila kada anapaswa kuufahamu. Ipo rushwa ya wale wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi kuendesha maisha, na ipo rushwa ya wakubwa ambao kipato chao kinawatosha ila tamaa haiwatoshi. Dawa za magonjwa haya mawili si moja. Kumhubiria uadilifu karani mwenye njaa bila kuangalia mshahara wake ni unafiki. Na kumwongezea mshahara mkubwa mwenye tamaa ni kumlisha fisi ili asile mbuzi.

Matukio mawili ya baadaye yanafaa kuchambuliwa darasani. La kwanza ni la Akaunti ya Madeni ya Nje, EPA, katika Benki Kuu. Ukaguzi uliotangazwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba katika mwaka wa fedha 2005/2006 zaidi ya shilingi bilioni 133 zililipwa isivyo halali kwa kampuni 22. Njia iliyotumika ilikuwa karatasi. Kampuni zilidai zimehamishiwa madeni ya zamani ya wafanyabiashara wa nje, na kuna zilizotumia hati za kughushi. Kwa nini akaunti hiyo? Kwa sababu madeni yalikuwa ya siku nyingi, wadai walikuwa mbali, na hakuna aliyekuwa akipiga hodi kila asubuhi kuuliza fedha zake. Fedha ambayo mwenyewe yuko mbali au amenyamaza ndiyo iliyo katika hatari kubwa kuliko zote.

La pili ni la watumishi hewa. Uhakiki wa mwaka 2016 uliondoa katika orodha ya mishahara zaidi ya majina 10,000 ya watu waliokufa, walioacha kazi au wasiokuwapo. Mtumishi hewa halalamiki, haombi likizo, hagombani na mkuu wake. Kila jina kama hilo lilihitaji mkono wa kuliacha au kuliingiza, mkono wa kuidhinisha na mkono wa kupokea. Na karibu nao walikuwapo wenzao waliojua kwamba mwenye jina alikwisha kuzikwa, wakanyamaza.

Dalili za kuangalia kazini

Kutokana na historia hii tunaweza kutaja dalili ambazo kila mfanyakazi anaweza kuziona bila kuwa mpelelezi.

Kwanza, kazi zinazopaswa kugawanywa zimekusanyika kwa mtu mmoja: ndiye anayeagiza mali, ndiye anayeipokea, ndiye anayeandika leja, ndiye anayeandaa malipo. Pili, mtu huyo hataki kwenda likizo wala kuhamishwa dawati, na akiugua kazi yake haishikwi na mwingine. Tusiharakishe kumsifu kwa bidii. Tatu, kila jambo ni la dharura, zabuni hazitangazwi kwa sababu ya haraka, na kazi kubwa inakatwa vipande vidogo ili kila kipande kiwe chini ya kiwango kinachohitaji ushindani.

Nne, karatasi zinakamilika kabla ya kazi: hati ya kupokea mali imesainiwa na mali haijafika, au mahudhurio ya semina yamejaa na viti vilikuwa vitupu. Tano, mwananchi anaambiwa njoo kesho mara tatu bila sababu, lakini anayekuja na mtu wa kumsindikiza anamaliza siku hiyo hiyo. Sita, lugha inaanza kujificha. Rushwa inaitwa chai, asante, nauli, maji, kuona wakubwa. Neno takrima liliingizwa hata katika sheria ya uchaguzi mwaka 2000, na Mahakama Kuu ikalibatilisha mwaka 2006. Saba, msichana anayeomba kazi au mwanafunzi anayefuatilia matokeo anaitwa peke yake, baada ya saa za kazi, mahali pasipo ofisi.

Dalili si ushahidi. Kada anayemtangaza mwenzake kuwa mla rushwa kwa sababu amejenga nyumba anaweza kumwonea mtu aliyekopa au aliyelima. Dalili inatupa wajibu wa kuuliza na kurekebisha utaratibu. Kuhukumu ni kazi ya vyombo vilivyowekwa kisheria.

Wajibu wetu

Katika mojawapo ya kozi zetu alikuwapo mama mmoja, mtunza bohari wa miaka mingi. Siku ya mjadala alitusimulia kwamba aliwahi kuletewa hati ya kupokea saruji ambayo haikuwapo. Aliambiwa atie saini kwanza, lori liko njiani. Alikataa. Hakupiga kelele, aliandika tu juu ya hati ile kwamba mali haijapokelewa, akaweka tarehe. Baada ya majuma machache alihamishwa kwenda kituo cha mbali, mtoto wake akiwa katika darasa la mtihani. Kisha akasema neno lililotunyamazisha sote, wakufunzi na wanachuo: kwamba hakuumizwa sana na mkubwa aliyemhamisha, maana huyo alimtegemea. Aliumizwa na wenzake sita wa ofisini, wote wana kadi, wote walioijua habari ile, ambao siku ya kuondoka kwake walimchangia zawadi nzuri na hawakusema lolote.

Tumelifikiri sana neno hilo. Tumefundisha kwa miaka mingi namna ya kukataa rushwa, na hatukufundisha namna ya kusimama na aliyekataa. Rushwa haihitaji kwamba watu wote wawe wala rushwa. Inahitaji wachache wale na waliobaki watoe zawadi ya kuaga.

Kwa hiyo wajibu wa kada una sehemu nne. Kwanza ni kukataa kwa maandishi. Neno la mdomo hupotea. Mstari mmoja wenye tarehe katika hati au dokezo hubaki. Aliyeagizwa kufanya jambo lenye mashaka aombe agizo hilo liandikwe, kwa adabu na bila ugomvi. Mara nyingi agizo haramu hufa linapoombwa kuandikwa.

Pili ni kutoa taarifa mahali panapohusika: kwa mkaguzi wa ndani, kwa kamati ya uadilifu, na kwa TAKUKURU, ambayo namba yake ya simu ya bure ni 113. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015. Anayetoa taarifa aseme alichokiona na tarehe yake, asiongeze alichokisikia mtaani.

Tatu ni kufupisha kamba. Tudai kazi zigawanywe, likizo zichukuliwe, ada na masharti ya kila huduma yabandikwe ukutani, orodha ya waliopata viwanja au nafasi isomwe na wote. Malipo ya serikali kwa namba ya kumbukumbu, yaliyoanza mwaka 2017, na ununuzi wa umma kwa mfumo wa NeST ulioanza mwaka 2023, vimewaondoa watu wengi waliokuwa wakisimama kati ya mwananchi na risiti yake. Lakini mashine nayo huendeshwa na mtu mwenye neno la siri, na anayemwazima mwenzake neno hilo amemwazima saini yake.

Nne, nalo ndilo gumu kuliko yote, ni kutomwacha peke yake aliyesema. Baraza la wafanyakazi na chama cha wafanyakazi vina wajibu wa kuuliza, kwa barua, kwa nini mtu aliyekataa kusaini hati ya uongo amehamishwa katikati ya mwaka. Makada walio katika ofisi hiyo wana wajibu wa kuwa wa kwanza kuuliza. Kama ahadi ya mwanachama haimfikishi hapo, basi ameikariri tu.

Hitimisho

Tumepitia fimbo ya mwaka 1963, miiko ya 1967, Mwongozo wa 1971, msako wa 1983, tume ya 1996 na sheria ya 2007. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa bure; kila kimoja kilitufikisha mahali. Lakini vyote vinatuambia kwamba sheria hutungwa mbali, na rushwa hutendeka karibu, mezani, baina ya watu wawili, huku wa tatu akiangalia. Mapambano haya yataamuliwa na huyo wa tatu.

Tunawaachia wanachuo na makada swali la kujadili katika matawi yao, badala ya lile la nani anakula rushwa. Katika ofisi yetu, ni saini ya nani ambayo hakuna anayeisoma baada yake? Na mwenzetu akikataa kesho kutia saini ya uongo, ni nani kati yetu atakayesimama upande wake kabla hajafunga mizigo?